Chujio la Tangi la Samaki

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mwalimu Mkuu, walimu, wazee wenzangu, na ninyi vijana mliotupokea kwa nyimbo:

Kamati imenitaka niseme machache juu ya tangi la samaki tutakalokabidhi kwa maabara. Baadhi yetu wanapendekeza chujio kubwa la mtungi uliofungwa, linalokaa nje ya tangi. Mimi napendekeza la sponji, linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa.

Nilipoanza kufuga samaki nyumbani kwangu, hapa hapa Dodoma, nilidhani chujio la tangi ni kama chujio la chai. Siku moja niliona sponji imechafuka, nikaifua bombani mpaka ikatakata. Siku ya nne samaki wangu wote 12, waliotoka Kigoma, walikuwa wanaelea. Maji yalikuwa maangavu kabisa. Niliwaua kwa usafi.

Vijana, samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Ndani ya sponji huishi bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, na wengine wanaoigeuza hiyo kuwa naitreti, isiyo na ukali huo. Klorini ya maji ya bomba huwaua. Kwa hiyo sponji ikamuliwe taratibu katika ndoo ya maji ya tangi lenyewe.

Maji ya visima vya Makutupora, yanayoacha ukoko mweupe katika birika zetu, yanawafaa samaki wa Ziwa Tanganyika, waliozoea maji magumu yenye alikali. Lakini katika maji ya alikali amonia huwa kali zaidi; kosa dogo halisamehewi.

Tena kuna umeme. Ukikatika kwa saa nyingi, mtungi uliofungwa hukosa hewa, bakteria hufa, na umeme ukirudi uozo humwagika kwa samaki. Sponji iko wazi ndani ya tangi. Mwanafunzi akichota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu, huyaongezea hewa.

Tangi likiwa jipya, anzeni na samaki wachache. Bakteria huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kukaa sawasawa.

Fedha itakayobaki inunue vipimo vya amonia, ili vijana wakione mapema kile ambacho mimi sikukiona.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.