Njia za Baiskeli Zitokazo Ng'ambo ya Tabora

Leo nataka kunena nanyi habari za kusafiri kwa baiskeli kutoka Ng'ambo, mtaa wa mji wa Tabora. Sineni na mchukuzi wa mkaa wala na mwenye kupeleka asali sokoni. Hao njia wanazijua kuliko mimi. Nanena na mwanafunzi, au karani, ambaye siku ya Jumamosi huitazama baiskeli yake iliyoegemezwa ukutani, akajiuliza: Leo naweza kufika wapi?

Watu wengi hulijibu swali hilo kwa kilomita. Mimi nasema lijibiwe kwa maji.

Nchi ya Tabora ni uwanda ulioinuka, mita 1,200 hivi juu ya bahari, nayo haina milima ya kumvunja mtu miguu. Pande zote ni msitu wa miombo. Mvua huanza mnamo Novemba na kukoma mnamo Aprili. Baada ya hapo vijito hukauka, na mtu apitaye juu ya daraja mwezi wa Septemba huona chini yake mchanga mtupu na nyayo za ng'ombe.

Wazee wa misafara waliyajua hayo. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, begani au kichwani, na mwendo wake wa siku haukupimwa kwa nguvu zake, bali kwa kisima kilichokuwa mbele. Kati ya Ugogo na Tura, mashariki ya Unyanyembe, palikuwa na pori lililoitwa Mgunda Mkali, ambako maji yalikuwa adimu. Palipokuwa hapana maji ya kulalia, msafara ulipumzika adhuhuri penye maji ya mwisho, watu wakapika na kujaza vibuyu; kisha wakaondoka alasiri, wakalala pakavu, wakayafikia maji mengine asubuhi ya pili. Mwendo huo wa alasiri Richard Burton, aliyefika Kaze tarehe 7 Novemba 1857, aliuandika kwa jina la tirikeza, akausema kuwa ni taabu kubwa. Walakini ulikuwa na akili ndani yake: hakuna aliyeondoka penye maji pasipo kujua atakunywa wapi tena.

Basi, njia ya kwanza. Mwanzo nenda Kwihara, kusini-magharibi ya mji, mwendo wa kilomita chache tu. Katika tembe la Kwihara, ambalo sasa ni nyumba ya makumbusho, Stanley na Livingstone walifika pamoja Februari 1872 kutoka Ujiji. Stanley akashuka pwani tarehe 14 Machi, na mzee Livingstone akabaki akingoja wapagazi hata tarehe 25 Agosti, zaidi ya miezi mitano. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, Susi na Chuma na wenzao walifika Unyanyembe wakiuchukua mwili wake, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Ukikaa barazani hapo baada ya nusu saa ya kupiga pedali, ukiwaza mwendo wa watu wale kwa miguu, hutaona haya kupumzika. Njia hii haitaki matayarisho. Chupa moja yatosha. Ila mchanga uko, na katika mchanga usishindane na usukani. Shuka, sukuma.

Njia ya pili ndiyo iliyonifundisha. Ni barabara ya Urambo, magharibi, iliyo ya lami siku hizi. Toka Tabora hata Ndono ni kilomita 42, na kutoka Ndono hata Urambo 52 tena. Miaka mingi iliyopita, Oktoba, mimi na mdogo wangu tuliondoka Ng'ambo saa moja ya asubuhi kwenda Ndono, tukiwa na chupa moja moja ya maji. Jua lilikuwa mgongoni, na upepo wa mashariki ulitusukuma kama mkono wa mtu. Tulikwenda kwa furaha, tukiimba. Tulipofika tukanywa soda, tukasema safari ni nyepesi, tukageuka saa tano bila kujaza chupa.

Ule upepo uliotuleta sasa ulikuwa usoni. Tulikokwenda kwa saa mbili na nusu, tulirudi kwa saa tano. Katikati ya msitu tairi yangu ikapata pancha. Kiraka nilikuwa nacho, lakini solusheni ilikuwa imekauka katika mrija wake. Tukasukuma. Mdogo wangu aliacha kusema, kisha akaacha kutoa jasho, na ngozi yake ilikuwa ya moto. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Tuliona moshi, tukaufuata, tukamkuta bibi mmoja nje ya nyumba yake. Nikamwambia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu," na huku mkono wake umekwisha kushika kata. Alimlaza mdogo wangu kivulini, akamnyweshea maji kidogo kidogo, akamlowesha kichwa na kifua. Alipofumbua macho vizuri, bibi akazitazama baiskeli zetu, akaniuliza, "Mlidhani hizi ndizo zinazokunywa maji?"

Sikuwa na jibu. Tulilala hapo.

Tangu siku ile nahesabu hivi: wakati wa joto kali, lita moja kwa kila saa ya mwendo si nyingi. Kwenda Ndono na kurudi ni saa sita hata saba. Kwa hiyo nafunga kidumu cha lita tano juu ya karia kwa ukanda wa tyubu kuukuu, nakijaza tena Ndono, na wakati wa kurudi nauhesabu mara mbili ya wa kwenda. Wenzangu hucheka, wakasema nakwenda kuuza maji. Na wacheke. Pampu, viraka na solusheni mbichi vimo mfukoni. Solusheni huijaribu nyumbani kwa kuiminya kidogo kabla ya kutoka.

Njia ya tatu, ya kaskazini kwenda Nzega, siipendi sana. Hata Puge ni kilomita 56, nayo ni lami nzuri, lakini mabasi na malori huenda mbio, na lori likipita karibu upepo wake humvuta mpanda baiskeli. Anayetaka njia hiyo na aondoke kungali alfajiri na taa zake mbele na nyuma, akae ukingoni, na akisikia mngurumo nyuma yake huku gari jingine laja mbele, ashuke kabisa katika majani.

Mdogo wangu sasa ni mtu mzima, ana watoto, na baiskeli hajaiacha. Siku za mwezi wa Mei, msitu ungali kijani na hewa ni baridi, twakwenda pamoja hata kwa yule bibi. Yeye mwenyewe amefariki. Mwanawe yupo, nasi humpelekea sukari. Kisima ni kile kile, nyuma ya nyumba, penye mwembe.

Kwaherini.