Tumsikilize Mama Anayeimba

(Mazungumzo mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Dundori)

Najua kuna walioacha waru shambani, na wengine ng'ombe wanawangoja. Kwa hivyo sitawakawiza.

Nimeombwa nizungumze juu ya wanawake wanamuziki wa Afrika, maisha yao na mambo waliyoyathamini. Nilipofika asubuhi mama mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Sasa muziki na mradi wetu wa kuku vinahusiana wapi?" Swali hilo ni zuri. Nitalijibu kwa kuanza na kisa kilichonipata mimi mwenyewe, na katika kisa hiki mwenye makosa ni mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitembelea kikundi kimoja cha akina mama, si cha hapa. Walikuwa wakichanga kila wiki na kukopeshana. Kila mkutano hesabu zilisomwa haraka haraka, halafu mimi nauliza, "Kuna mwenye swali?" Kimya. Naandika katika ripoti yangu kwamba kikundi kinaendelea vizuri.

Siku ya kufunga mwaka waliimba. Mwimbishaji wao alikuwa mjane mmoja mwenye umri mkubwa kuniliko. Katikati ya wimbo wa shukrani akaingiza maneno yake mwenyewe, juu ya kuku anayetaga kila siku lakini kikapu hakijai, akauliza kama hakuna nyoka nyumbani. Wenzake wakaitikia huku wakicheka. Mweka hazina hakucheka.

Wiki iliyofuata niliitwa. Viongozi walitaka yule mama atozwe faini kwa kumharibia mwenzake jina. Na mimi, na diploma yangu, nikasema faini iachwe lakini aombe msamaha, kwa maana lalamiko huletwa mkutanoni kwa utaratibu. Aliomba msamaha. Tangu siku hiyo hakuimba tena. Baada ya miezi mitano vitabu vilikaguliwa, ikaonekana shilingi 18,000 hazipo.

Nilikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Aliniwekea chai, kisha akasema, "Mwanangu, mkutanoni ningeanzia wapi? Kile kitabu sijui kukisoma, na huyo huyo ndiye alinikopesha karo ya mtoto. Wimbo ndio mlango niliokuwa nao."

Maneno hayo yamekaa nami. Ndiyo sababu nilianza kutafuta habari za wanawake walioimba, nijue wengine walipitia mlango huo namna gani. Leo nawaletea watatu.

Wa kwanza ni Siti binti Saad wa Zanzibar. Alizaliwa katika kijiji cha Fumba karibu mwaka 1880, katika ukoo wa watu waliokuwa watumwa. Hata jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Nyumbani kwao walifinyanga vyungu, naye alitembea akiviuza. Shule hakwenda. Mali aliyokuwa nayo ilikuwa sauti, na husemwa kwamba watu walimsikia anakuja na vyungu vyake kabla hawajamwona.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alifundishwa muziki, na kwa kuwa hakujua kusoma, nyimbo aliziweka kichwani. Wakati ule taarabu ya jumba la sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, na mtu wa kawaida mtaani akaelewa kinachosemwa. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri kwa meli hadi Bombay, India, kurekodi sahani za santuri. Sahani hizo zilinunuliwa pwani yote ya Afrika Mashariki, na sauti ya binti wa mfinyanzi ikaingia katika nyumba ambazo zamani angebisha hodi akiuza chungu.

Msidhani walimpokea kwa mikono miwili. Walikuwapo waliomcheka kwa uzazi wake, kwa nguo alizokuja nazo mjini, na kwa sura yake. Siti aliwajibu kwa wimbo. Kwa kifupi alisema kwamba uzuri wa sura na ukoo havimfai mtu asiye na akili wala tabia njema.

Lakini jambo lililonigusa zaidi ni namna nyimbo zake zilivyotengenezwa. Jioni wenzake wa bendi walikutana nyumbani kwake. Habari za mji zililetwa pale, nani kashtakiwa, nani kadhulumiwa, hakimu kasema nini. Wanazungumza, wanabishana, halafu linatoka shairi, na shairi linakuwa wimbo. Ukitazama, huo ni mkutano kama huu wetu, isipokuwa kumbukumbu zao hazikuandikwa kwenye daftari. Ziliimbwa.

Mojawapo ya nyimbo hizo inahusu mtu aliyeitwa Kijiti. Mwanamke mgeni, mja mzito, aliyetoka Dar es Salaam, aliuawa Zanzibar baada ya kuchukuliwa kwenda ngomani. Mwuaji akatorokea bara. Kesi ilipofika mahakamani, waliofungwa ni wanawake waliokuwa pamoja na marehemu, eti kwa sababu ya pombe ya usiku ule. Ilikuwa serikali ya kikoloni, na hapakuwa na mama wa mtaani ambaye angesimama mbele ya hakimu kumwambia kwamba amekosea. Siti aliliimba jambo hilo. Hakimu amesahauliwa, lakini kisa cha yule mgeni tunakijua mpaka leo kwa sababu ya wimbo. Siti alifariki mwaka 1950. Mwandishi Shaaban Robert aliandika kitabu kizima juu ya maisha yake, na kwa lugha yetu hii hii ya Kiswahili.

Wa pili ni Miriam Makeba wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1932. Huyu wazee wetu wanamkumbuka, kwa maana aliuchukua wimbo wa Malaika kutoka Kenya akauimba duniani kote. Mama yake alifanya kazi katika nyumba za Wazungu, na yeye mwenyewe akafanya kazi hiyo ujanani. Alipoanza kujulikana ng'ambo, serikali ya ubaguzi wa rangi ikamfungia mlango. Mwaka 1960 mama yake alifariki, na Makeba alipotaka kurudi kumzika akaambiwa pasipoti yake imefutwa.

Hebu tukae hapo kidogo. Sisi tunajua maana ya kumzika mzazi. Mtu akikosa nauli ya kwenda kwenye mazishi, tunamchangia hata kama sanduku la kikundi ni tupu. Huyu alizuiwa kwa sababu ya kuimba. Mwaka 1963 alisimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa akaeleza mateso ya watu wake, na nyimbo zake zikapigwa marufuku nyumbani. Alikaa ugenini miaka 30, akarudi mwaka 1990. Watu walipomwita mwimbaji wa siasa, alijibu kwamba yeye anaimba ukweli tu. Alifariki Novemba 2008 nchini Italia, akiwa ametoka jukwaani kuimba. Alikuwa na miaka 76.

Wa tatu ni wa karibu na nyumbani, Jane Nyambura, tuliyemwita Queen Jane. Alitoka Kangema, Murang'a. Alianza miaka ya 1980 kama mwitikiaji katika bendi ya Musaimo. Mnajua benga ilivyokuwa, gita ni la mwanamume, maikrofoni ni ya mwanamume, na mwanamke anasimama nyuma kuitikia. Queen Jane alitoka nyuma akasimama mbele na bendi yake mwenyewe, akaimba kwa Kikuyu juu ya ndoa, mapenzi na machungu yanayofichwa ndani ya nyumba. Alifariki Juni 2010, na mpaka leo ukipanda matatu ya Nakuru unaweza kumsikia.

Tuseme ukweli juu ya kazi yake. Mwanamume akipiga gita usiku anaitwa fundi. Mwanamke akiimba usiku anaitwa majina ambayo siwezi kuyataja hapa mbele ya wazee. Wanaomwita hivyo ndio hao hao wanaocheza nyimbo zake harusini. Sisi tulio kwenye vikundi tujiulize kama hatufanyi hivyo kwa binti zetu wenye kipaji.

Sasa turudi Dundori.

Wazee hapa wanawakumbuka nyakinyua, akina mama waliokuwa wakiwaimbia na kuwachezea wageni wa serikali, hasa wakati wa Mzee Jomo Kenyatta. Baadhi ya vikundi vile havikuishia kwenye kucheza. Vilichanga pesa, vikanunua ardhi na majengo, na jina la nyakinyua bado liko kwenye mashamba katika Bonde la Ufa. Katika miaka hiyo ya 1960 akina mama wa Mkoa wa Kati nao walikuwa wakichangiana mabati, leo nyumba ya huyu, kesho ya yule. Kwa hivyo mama aliyeniuliza juu ya mradi wa kuku, jibu ni hili: kwetu wimbo na mradi vilikuwa vinatembea pamoja. Tulivitenganisha baadaye.

Leo mambo yako namna gani? Mheshimiwa anakuja. Wamama wanaitwa tangu saa mbili asubuhi. Wanatunga wimbo na kulitia jina lake ndani, wanasimama kwenye jua, gari linafika saa nane. Wanaimba, wanapewa soda na leso, wanarudi nyumbani. Kijana amewachukua kwa simu, wimbo unasambazwa, labda unatumiwa hata kwenye matangazo. Aliyetunga hatajwi. Mwenye hema analipwa, mwenye viti analipwa, mwenye spika analipwa.

Ninawaomba kila kikundi kifikirie mambo manne.

Kwanza, malipo yapatane kabla ya siku. Kama kikundi kimealikwa kuimba, katibu aandike barua au ujumbe, aseme ni watu wangapi, nauli ni nani atatoa, na shukrani ni kiasi gani. Pesa ziingie kwenye kitabu kama pesa za mayai. Mazishi na shida za majirani hatutozi, hilo linajulikana.

Pili, nyimbo zenu ziandikwe. Wengi hawajui jambo hili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, ili watoto wake wafaidike. Lakini wimbo lazima uwe umeandikwa au umerekodiwa. Ukibaki hewani, ni vigumu kudai kwamba ni wako. Nunueni daftari moja la nyimbo. Andikeni maneno, jina la mtunzi na tarehe. Mwenye simu arekodi na kuihifadhi sauti. Mkitaka kuendelea zaidi, wimbo unaweza kuandikishwa katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Nyimbo za kimila, zile za nyanya zetu, hizo ni mali ya jamii nzima, na ziko chini ya sheria nyingine ya mwaka 2016. Huwezi kuzifanya zako peke yako, wala mgeni hawezi.

Tatu, binti au mvulana mwenye kipaji asikatishwe tamaa, wala asiachwe aende peke yake. Akialikwa kuimba mbali, mtu mzima wa kikundi aandamane naye, na mapatano yasomwe na watu wawili kabla hajaweka sahihi.

Nne, na hili ndilo linaloniuma zaidi, wimbo ukigusa kitu, tusikimbilie faini. Naelewa kwamba wimbo unaweza pia kusingizia, na mtu asiye na hatia akaumia. Dawa yake ni kufungua vitabu. Viongozi waseme, "Tumesikia. Jumamosi hesabu zitasomwa polepole, risiti mezani, na wasiojua kusoma wasomewe." Ikiwa hakuna nyoka, mweka hazina atasafishwa mbele ya wote, na mwimbishaji atamwimbia wimbo wa kumsifu. Ikiwa yupo, mtamjua kabla hajamaliza mayai.

Yule mjane niliyewaambia, nilimwomba arudi kuimba. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikuja, akakaa nyuma, na wimbo ulipoanza vibaya hakuweza kuvumilia. Aliinuka akaushika. Mimi nilikuwa mlangoni na daftari langu. Siku hiyo sikuandika ripoti, niliandika maneno ya wimbo wake.

Mkirudi kwenye vikundi vyenu, jadilianeni maswali haya:

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayetunga nyimbo? Je, jina lake limeandikwa mahali popote?

2. Mara ya mwisho tulipoalikwa kuimba, tulitumia siku ngapi na tulipata nini?

3. Kuna jambo gani ambalo kikundi chetu kinaliimba lakini hakilisemi mkutanoni?

4. Siti, Makeba na Queen Jane kila mmoja alilipa gharama kwa ajili ya sauti yake. Sisi tunawalipisha nini wale wanaotuambia ukweli?