Kumbukumbu za Kivinjari Zilizopotea: Namna ya Kuzipata na Kuzitunza

(Mazungumzo kwa makatibu na watunza hesabu wa vyama vya msingi)



Hakuna katibu anayethubutu kuchana ukurasa wa leja. Lakini katika ofisi nyingi iko leja nyingine inayochanwa kila siku pasipo mtu kushtuka: orodha ya kurasa zilizofunguliwa mtandaoni, ambayo kivinjari cha kompyuta hujiandikia chenyewe. Huandika anwani ya ukurasa, jina lake, na siku na saa ulipofunguliwa. Tuseme chama kimekopa fedha za pembejeo, kisha ukazuka ugomvi juu ya riba, na katibu analaumiwa kwamba alitia sahihi kabla ya kusoma masharti yaliyokuwa mtandaoni. Ushahidi wa kumwokoa waweza kuwa ndani ya orodha hiyo, na usiwe mahali pengine popote.

Wengi hudhani orodha hiyo hudumu milele. Sivyo. Chrome, kivinjari kilichoenea mno, hutunza siku 90 tu kisha hufuta. Katibu anayetafuta mwezi Desemba ukurasa alioufungua Julai asimtuhumu karani wake. Firefox hakifuati kipimo hicho cha siku. Hupunguza kurasa za zamani kadiri orodha inavyojaa. Dirisha la faragha nalo halitunzi orodha hata kidogo, na fundi anayeahidi kuirudisha kutoka kivinjarini anatafuta fedha ya bure.

Hata hivyo, aghalabu kilichodhaniwa kimepotea kipo. Orodha ya Firefox imo katika faili liitwalo places.sqlite, ndani ya folda ya mtumiaji. Mwaka 2019, toleo la 67 lilianza kuipa kila programu ya Firefox iliyowekwa katika kompyuta folda yake yenyewe. Wako watu waliofungua kivinjari wakakuta kitupu, kumbe folda ya zamani imekaa palepale. Kuandika about:profiles katika nafasi ya anwani huonyesha folda zote. Tena faili likiharibika, Firefox huweza kuliweka kando kwa jina la places.sqlite.corrupt na kuanza jipya. Hilo la kando lisifutwe kabla fundi hajalitazama.

Ikiwa faili lenyewe limefutwa, kompyuta isitumiwe tena, hata kwa kuandika barua. Katika diski ya kuzunguka, maandishi ya faili lililofutwa hubaki mpaka mengine yaandikwe juu yake, na programu za kuokoa mafaili huweza kuyasoma. Diski mpya zisizo na kitu kinachozunguka husafisha nafasi hiyo mapema, pengine kwa dakika chache, na hapo matumaini ni haba.

Njia nyingine ni kompyuta au simu iliyounganishwa kwa akaunti ileile. Hapa pana mtego. Anayefuta orodha ya Chrome katika chombo kimoja huku vyombo vimeunganishwa, hufuta na katika vingine. Kwa hiyo chombo cha pili kiondolewe mtandaoni kwanza, ndipo kifunguliwe. Kuunganisha vyombo si kuweka akiba, ingawa wauzaji hupenda kusema hivyo.

Akiba ya kweli ni nakala. Kivinjari kifungwe kabisa, kwa sababu kikiwa wazi sehemu ya maandishi huweza kuwa bado katika faili la pembeni, kisha places.sqlite, au faili la Chrome liitwalo History, linakiliwe katika flashi inayofungiwa kabatini pamoja na vitabu vya hesabu. Ikifanywa kila mwezi, zile siku 90 hazitakipita chama. Kwa kuwa orodha hufichua pia mambo binafsi ya karani, ni haki ofisi iwe na akaunti yake, na karani atumie yake kwa shughuli zake.

Orodha hutunza anwani, wala si maneno ya ukurasa. Mwenye tovuti akibadili masharti, anwani ileile itaonyesha masharti mapya. Nakala za zamani za kurasa nyingi zimo katika ghala la Internet Archive, lililoanzishwa Marekani mwaka 1996, lakini si kila ukurasa umo. Masharti ya mkopo yapigwe chapa siku yanaposomwa, yaandikwe tarehe, na mwenyekiti atie sahihi pembeni.