Ribe: Historia ya Kanisa Ina Wenyewe

Ukitaja Kanisa la Methodisti nchini Kenya leo, wengi watakuelekeza Meru. Wana sababu: kazi ilianza kule mwaka 1912, ikazaa shule, ikazaa hospitali ya Maua na hatimaye chuo kikuu. Lakini chimbuko la kanisa hili ni Pwani, kwenye vilima vya Ribe, nyuma ya mji wa Mombasa, si mbali na Rabai.

Thomas Wakefield alifika mwaka 1862, ametumwa na tawi moja la Wamethodisti wa Uingereza. Aliyemleta ni Johann Ludwig Krapf, ambaye miaka ya nyuma alikuwa ameanzisha misheni ya Rabai pamoja na mmishenari mwenzake, Rebmann. Maradhi yalimrudisha Krapf Ulaya upesi, na wengine waliokuja na Wakefield nao hawakudumu. Mwaka uliofuata akaja Charles New. Huyu ndiye aliyepanda Kilimanjaro mwaka 1871 hadi akaifikia theluji, na mwaka 1875 akafia njiani akitoka Uchagani.

Ribe ilidai gharama nyumbani kwa Wakefield pia. Mkewe, Rebecca, alijifungua mtoto wa kiume mwaka 1873. Mtoto hakuishi, na baada ya siku chache mama naye akafariki. Walizikwa hapo hapo Ribe. Familia ya Rebecca huko Uingereza ilikusanya barua zake ikazitoa kama kitabu, na ndiyo maana hata leo tunaweza kuzijua siku zake za mwisho.

Nawaheshimu waliolala katika makaburi yale. Lakini nauliza: ni nani aliyekusanya habari za mama wa Kiribe aliyemtekea Rebecca maji? Wageni wasingekaa pale siku moja bila idhini ya wazee wa kaya. Palikuwa na waliobeba mizigo, waliowafundisha wageni lugha, na waliofyeka kichaka yakasimama majengo. Hao wote kitabuni ni "wenyeji" tu, hawana jina.

Kisha kuna watoro. Watumwa waliokimbia mashamba ya Pwani walijificha misheni, Ribe na Rabai. Wakajenga, wakalima, wakaoa, wakabatizwa. Mabwana zao walikuja juu, wakatishia hata kuzivamia misheni. Mwishowe Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, chini ya George Mackenzie, ikakubali kuwalipa mabwana hao fidia. Siku ya kwanza ya mwaka 1889, pale Rabai, hati za uhuru zikatolewa. Waliokombolewa katika misheni za eneo hili walipita 1,400. Hebu fikiria mtu mzima anakabidhiwa karatasi inayosema kwamba yeye ni wake mwenyewe, na kwamba mwanawe hatauzwa. Kwa watu hao kanisa lilikuwa kimbilio kabla halijawa dhehebu.

Ndiyo maana nasema historia ya Ribe haikamiliki kwa orodha ya wamishenari. Tangu mwaka 1967 Kanisa la Methodisti Kenya linajitawala lenyewe. Tumejichagulia viongozi, tumejiwekea taratibu zetu. Kusimulia habari zetu wenyewe bado tunasuasua. Kila mzee anapozikwa, jamaa husema amekwenda na mengi. Ni kweli, na kosa ni letu sisi tuliokuwa naye miaka yote hiyo tusimuulize.

Kwa hiyo ninawaomba Wamethodisti wa Ribe, Jomvu, Golbanti hadi Meru, na makanisa mengine pia, mfanye mambo matatu. Daftari za ubatizo na za ndoa zitolewe kwenye makabati yenye mchwa, zipigwe picha ukurasa kwa ukurasa. Vijana wa kwaya, ambao kila mmoja ana simu mkononi, wawarekodi wazee wakitaja mababu zao: walitoka wapi, walifikaje, nani aliwapokea. Na wale ambao babu zao walikuwa watoro wasione haya kusema. Mtu aliyekimbia minyororo hakumwachia mjukuu wake aibu, alimwachia uhuru.

Anzeni Jumapili hii baada ya ibada, wazee wangalipo.