Risasi haiozi

(Muziki wa kipindi unashuka.)

Kutoka hapa Niboye, Kigali, nawasalimu nyote mlioko Mahama, Kiziba, Kigeme na kambi nyingine.

Leo tuzungumzie betri kubwa iliyokufa, ya gari au ya sola. Ndani yake mna asidi na risasi, yale madini mazito ya kijivu yanayotiwa pia kwenye risasi za bunduki.

Ganda la ndizi ukilitupa, linaoza. Hata dawa nyingi za wadudu huvunjika polepole kwa jua na vijidudu vya udongo. Risasi haivunjiki. Ikimwagika uani leo, wajukuu wetu wanaweza kuikuta. Kwa hiyo wataalamu hawaishii kuuliza itadumu muda gani. Wanauliza: inayeyuka majini au imeshikamana na udongo? Inamfikiaje mtu?

Huko Mombasa, Kenya, wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru wanalijua jibu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando ya nyumba zao mwaka 2007, kikafungwa 2014. Kiwanda kiliondoka, risasi ikabaki kwenye udongo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Mtoto anachezea vumbi, kisha anatia kidole mdomoni. Risasi inaingia kwenye damu, inajificha mifupani miaka mingi. Inaharibu ubongo unaokua, mtoto akawa mzito wa kujifunza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Ndugu fundi, najua kipande cha risasi ni unga wa jioni. Hata hivyo, usivunje betri wala kuiyeyusha nyumbani. Iuze nzima, na usimwage asidi yake. Mama na baba, waosheni watoto mikono kabla ya kula. Pigeni deki kwa kitambaa chenye maji, msifagie vumbi kavu. Na kumbukeni: kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini hakuondoi risasi.

Kama mtoto amecheza palipovunjwa betri, mpelekeni kituo cha afya, na mweleze hivyo waziwazi. Sumu hii haionekani kwa macho. Hupimwa kwenye damu.

Mwambieni na jirani.

(Muziki unapanda.)