Samaki wa Chumvi, Maji na Presha katika Uwanda wa Makonde

Mada kwa semina ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Mkunya, Newala



Nimepewa mada ya kushusha shinikizo la juu la damu kwa mwenendo wa kila siku. Maana yake mnaijua: kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti. Mnajua pia kuwa wengi hawahisi chochote mpaka kiharusi kiwafike. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takribani mtu mmoja kati ya wanne, wa miaka 25 hadi 64, ana presha ya juu. Uzito, sigara, pombe (na uraka wa msimu wa mabibo ni pombe), mazoezi ya dakika 150 kwa wiki: hayo mnayafundisha kila siku, sitayarudia.

Nataka kusema juu ya chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990: ndani ya miezi michache presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu zaidi. Ukoo ni uleule. Maisha na chakula ndivyo vilivyobadilika.

Kwetu chumvi haiji kwa kijiko tu. Inapanda kutoka pwani ya Mtwara na Mikindani ikiwa ndani ya ng'onda na papa mkavu. Simlaumu mvuvi. Bila barafu, chumvi na jua ndivyo vinavyomfikisha samaki huku juu kabla hajaoza. Lakini kipande cha papa kinaukoleza mchuzi wa nyumba nzima, na mpishi bado anatia chumvi nyingine kwa mazoea. Mgonjwa tunamwambia "punguza chumvi". Anaacha kunyunyiza mezani, tunampima mwezi unaofuata, presha iko palepale, nasi tunamwita mkaidi. Si mkaidi.

Shauri la kitaalamu ni kumloweka samaki, kumwaga maji, kumchemsha, kisha kumwaga tena. Ni shauri sahihi, na miaka mingi nimeliona likikwama mahali pamoja: maji. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, na hadi leo zipo nyumba zinazonunua maji kwa ndoo. Mama aliyenunua ndoo ya maji kwa fedha ya mboga hawezi kuyamwaga mara mbili kwa ajili ya kitoweo. Kwenye semina kama hizi tunaalikwa watu wa afya peke yetu, wa maji hawamo. Hili nalisema kwa heshima zote kwa waandaaji, ila nimelisema mara nyingi mno.

Mapendekezo yangu hayapingani na mwongozo wowote wa Wizara ya Afya. Kwanza, maji yahesabiwe kuwa sehemu ya huduma kwa wagonjwa wa presha. Pili, anayepika aitwe kliniki pamoja na mgonjwa, maana chungu ni kimoja. Palipo na maji, samaki alowekwe. Pasipo na maji, anunuliwe samaki wa moshi asiyetiwa chumvi, au zipikwe mbaazi, kunde na njugumawe tunazolima wenyewe, zikolezwe kwa ndimu, kitunguu, pilipili au embe bichi. Mazao haya ya jamii ya kunde yana potasiamu inayosaidia kushusha presha, ila mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza. Siku ya papa, chumvi nyingine isiguswe kabisa. Korosho za nyumbani zikaangwe bila chumvi. Chumvi kidogo inayobaki iwe yenye madini joto, kwa sababu kupunguza chumvi hakufuti vita vyetu dhidi ya rovu. Mlonge na kitunguu saumu viliwe kama chakula. Visichukue nafasi ya vidonge, na mgonjwa asiache vidonge bila idhini ya daktari. Tena narudia: anayepika aitwe, na maji yapatikane.

Ndugu Mwenyekiti, naomba maazimio ya semina hii yapelekwe kwa wenzetu wa maji, na semina ijayo wawe wamekaa humu pamoja nasi.