Roketi Iliyoanguka Shaba Mwaka 1978: Namna ya Kupima Dhana Kuhusu Chanzo cha Ajali

Mada iliyowasilishwa katika semina ya walimu wa sayansi wa sekondari, Kasulu



1. Tukio

Tarehe 5 Juni 1978, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika mkoa wa Shaba nchini Zaire (leo Kongo), kampuni ya Kijerumani ya OTRAG ilirusha roketi yake ya tatu ya majaribio, Rais Mobutu akishuhudia. Uwanja ulikuwa juu ya bonde la mto Luvua, ndani ya eneo la kilomita za mraba 100,000 ambalo Zaire iliikabidhi kampuni hiyo kwa mkataba wa 1976. Mkoa wetu wa Kigoma unaingia humo mara mbili na nafasi ikabaki. Kampuni ilikusudia hatimaye kurusha setilaiti kwa bei nafuu. Siku hiyo roketi ilipaa, ikaenda mrama, ikaanguka bondeni.

2. Chombo chenyewe

Mwanzilishi, Lutz Kayser, alikwepa mitambo ya gharama. Roketi ilikuwa fungu la mabomba yenye kipenyo cha sentimita 27, kila moja likiwa na injini yake. Valvu za mafuta na asidi ya naitriki zilifunguliwa kwa mota za waipa za magari. Injini hazikugeuzwa; ili roketi ikate kona, valvu za upande mmoja zilibanwa. Ni kama wabeba machela: mmoja akilegeza bega, mgonjwa anainama.

3. Dhana tatu

Hitilafu: valvu ikikwama, msukumo haulingani na roketi inalala. Dhana hii inaoana na muundo wa chombo.

Hujuma: mwezi uliotangulia waasi waliotokea Angola walikuwa wameivamia Kolwezi, kwa hiyo kumshuku adui kulikuwa rahisi. Lakini valvu iliyoharibiwa makusudi nayo inailaza roketi vilevile. Kulala kwa roketi kunathibitisha kwamba msukumo haukulingana, basi. Mkono wa mtu unatafutwa kwenye mabaki na kumbukumbu za mitambo.

Silaha: Moscow ilidai OTRAG ilikuwa inaunda makombora ya vita. Hata kama dai hilo lingekuwa kweli, lisingeeleza kwa nini roketi ilianguka. Vivyo hivyo, Mobutu kuifukuza kampuni mwaka 1979 ni uamuzi wa kisiasa. Hauthibitishi kwamba muundo ulikuwa mbovu. Kampuni ilihamia Libya na kuendelea kurusha.

4. Mapendekezo

Tunapofundisha kanuni za mwendo za Newton, tuwape wanafunzi kisa hiki wachore safu tatu ubaoni: kilichoonekana, kilichoharibika, aliyehusika. Kila dhana iingie kwenye safu yake, na mwanafunzi aseme ni ushahidi gani ungeiangusha. Isiyoweza kuangushwa na ushahidi wowote isipewe alama, hata ikisimuliwa kwa ufasaha.